Chenso kwa anayeanza: vya kuvaa, vya kukagua na namna ya kukata bila kuumia (mwongozo kamili)

Wakuu, kila msimu wa kuvuna misindano (paini) ukichanganya huku Mufindi, Njombe na Makete unaona vijana wapya wameshika chenso (msumeno wa mashine wa cheni), mashine mpya kabisa inang'aa, alafu mguuni gamboti na kichwani kofia ya kitambaa. Ukimuuliza vifaa viko wapi anakwambia nitanunua nikipata hela ya kazi ya kwanza. Hapo ndipo ninapotaka tuelewane mapema kabla ya kwenda popote: bei ya chenso ni mashine pamoja na suruali ya kinga, helmeti na buti. Kama hela inatosha mashine tu basi haijatosha, chukua mashine ndogo zaidi au subiri mwezi mwingine, miti haikimbii.

Na mashine ndogo sio aibu. Kwa anayeanza, baa (ile chuma ndefu ambayo cheni inazungukia) ya inchi 15 mpaka 18 inatosha kabisa kwa kukata magogo, kuni na miti ya kawaida. Yale madude ya baa ndefu wanayopasulia mbao waachie wenye miaka yao kwenye kazi, ni mazito, yana nguvu sana na yanakuchosha haraka, na mtu akichoka ndio anaumia.

Kwanza uelewe inakuumizaje

Cheni ikiwa kwenye resi kamili inazunguka kama mita 20 mpaka 28 kwa sekunde, yaani kilomita 72 mpaka 100 kwa saa. Hakuna binadamu wa kuvuta mguu kwa spidi hiyo, ukishaona imegusa imeshamaliza. Alafu meno ya cheni hayakati kama panga, yanachimba na kutoa vipande, kwahiyo kidonda kinakuwa kipana, kimechanika ovyo, kina mafuta na maganda ndani yake na daktari anapata shida kukishona.

Sehemu zinazopata sana ni miguu, hasa paja na goti la kushoto kwa sababu ndio uko karibu na baa ukisimama vizuri, alafu mkono wa kushoto, alafu kichwa na uso. Kichwa mara nyingi hakiguswi na mashine kabisa, ni tawi kavu lililovunjika juu likashuka wakati we unaangalia chini. Ukishajua hayo unajua pia hela yako ianzie wapi: suruali na helmeti mbele, vingine vifuate.

Suruali ya chenso

Hii watu wengi hawaijui, wanadhani ni suruali nene tu kama ya jinsi au ovaroli. Jinsi haisaidii chochote, cheni inapita kama haipo. Suruali ya chenso ndani yake kuanzia juu ya paja mpaka karibu na kifundo kuna matabaka ya nyuzi ndefu zimelala bila kubanwa sana. Cheni ikigusa inachana kitambaa cha nje, inazivuta zile nyuzi, nyuzi zinakimbilia kwenye sproketi (gurudumu la meno linalozungusha cheni) na kuisonga, cheni inasimama kabla haijafika kwenye nyama. Ndio maana ukiona suruali iliyowahi kumuokoa mtu utakuta furushi la nyuzi nyeupe limetoka kama pamba iliyofumuliwa.

Ukienda kununua angalia lebo ya ndani. Iwe na kale kapicha ka chenso ndani ya ngao, na namba EN 381-5 au ile mpya ISO 11393-2. Utaona pia imeandikwa daraja: daraja 1 imepimwa kwa cheni ya mita 20 kwa sekunde, daraja 2 mita 24, daraja 3 mita 28. Kwa mwanzoni daraja 1 ni sawa na ni nyepesi, kwenye joto unaivumilia, maana daraja kubwa ni nzito na ukiivua saa nne asubuhi kwa sababu ya jasho haina faida tena. Herufi A inamaanisha kinga iko mbele, C inamaanisha imezunguka mguu wote. Kama unakata magogo chini A inatosha.

Sasa kuna mambo manne ya hii suruali yanaharibu kinga yake bila mwenyewe kujua:

- Kupeleka kwa fundi cherehani apunguze mguu. Sindano ikipita kwenye yale matabaka nyuzi zinashonewa pamoja, haziwezi tena kuvutika, umebaki na suruali nene tu. Kama ni kubwa tumia mkanda wa mabegani.
- Kupiga pasi au kuianika karibu na moto. Nyuzi ni za plastiki, zinayeyuka na kugandana.
- Kufua kwa jiki, au kuiacha imelowa petroli na oili. Fua kwa sabuni ya kawaida na maji ya uvuguvugu, anika kivulini.
- Kuendelea kuivaa baada ya cheni kuigusa mpaka kwenye nyuzi. Ikishafanya kazi yake mara moja imemaliza, nunua nyingine. Kitambaa cha nje tu kikichanika na mwiba unaweza kuziba kwa gundi ya kitambaa bila kushona kwa ndani.

Ukikutana nayo kwenye mtumba usiikatae moja kwa moja ila ikague sana: pitisha vidole polepole kuanzia paja mpaka chini ukiibana, usikie unene ule ule njia nzima. Ukikuta sehemu ngumu imegandana, au bonge limeshukia chini na juu kumebaki pepesi, iache hata kama ni bei ya bure. Na kama hela ya suruali haipo kabisa kuna zile kinga za kuvaa juu ya suruali yako ya kawaida, zinafungwa kwa vishikizo nyuma ya mguu, bei yake iko chini na zinafanya kazi ile ile. Kitu kimoja cha kukumbuka, hakuna suruali inayozuia kila cheni kwa asilimia mia, hasa hizi mashine za umeme na zile kubwa sana zenye nguvu ya kuendelea kusukuma, kwahiyo kuvaa hakukupi ruhusa ya kupitisha baa karibu na mguu.

Helmeti, masikio, macho

Nunua ile helmeti ya msituni iliyokamilika, ina wavu wa uso na vifunika masikio vimefungwa pamoja. Geuza ndani ya ukingo wake utaona kaduara kadogo kana mshale na namba za mwaka, hiyo ndio tarehe ya kutengenezwa. Plastiki inazeeka kwa jua, watengenezaji wengi wanasema miaka kama mitano tangu itengenezwe, na kwa mtu anayefanya kazi juani kila siku badilisha mapema zaidi. Ibane pembeni kwa mikono miwili ukiisogeza sikioni, ikitoa sauti ya kupasuka pasuka imeshakauka. Ikipigwa na tawi kubwa mara moja itupe hata kama huoni ufa. Na usiipake rangi, kuna rangi zinakula plastiki.

Helmeti ya bodaboda haifai kwa hii kazi, inakuziba usione juu na pembeni wala usisikie mwenzako akipiga kelele, na usalama wa msituni nusu yake ni kuona na kusikia.

Masikio: kwa siku nzima ya kazi sauti inayohesabika salama ni desibeli 85, chenso inapita 100 kirahisi. Sikio haliumi likiharibika, we utashangaa tu baada ya miaka watu wanakurudia maneno. Pamba ya kawaida sikioni haizuii kitu. Wavu wa uso unazuia vijiti ila vumbi la mbao linapita, kwahiyo vaa na miwani ya kinga chini yake.

Buti, glavu na nguo nyingine

Buti ziwe na chuma mbele, zipande juu ya kifundo na soli yenye meno sababu magome ya msindano mbichi yanateleza vibaya sana. Zenye kinga ya chenso zina alama ISO 17249, ukizipata vizuri, ukizikosa anza na buti za kazi zenye chuma. Glavu ziwe za kukubana vizuri ushike mshikio bila kuteleza, nyingi za chenso kinga yake iko mgongoni mwa mkono wa kushoto. Asubuhi za Njombe na Makete kukiwa na baridi kali vidole vinaweza kufa ganzi na kuwa vyeupe, hiyo ni dalili mtetemo wa mashine unaharibu mishipa, pumzika, pasha mikono moto, usikaze kama mwanaume.

Shati liingizwe ndani. Hakuna skafu, hakuna cheni ya shingoni, nywele ndefu zifungwe chini ya helmeti. Riflekta ya machungwa ili mwenzako akuone kwenye kichaka.

Kama umeajiriwa, hivi vyote sio vya kukatwa kwenye mshahara wako. Tanzania kuna Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003, na Kenya wana ya kwao ya 2007, zote zinamtaka mwajiri atoe vifaa kinga. Uliza kabla hujapanda gari la kwenda msituni, ukifika kule kwenye kambi ni ngumu kugoma.

Kagua mashine kabla ya kuwasha

Hapa usiruke hata kimoja, ni dakika chache tu. Mashine ikiwa imezimwa:

Breki ya cheni, ile ngao iliyo mbele ya mshikio wa kushoto. Sukuma mbele mpaka ikae, jaribu kuvuta cheni kwa mkono wenye glavu isisogee. Rudisha nyuma, cheni isogee. Alafu baadaye mashine ikiwaka, iweke imara chini, piga resi kidogo, bonyeza ngao kwa kifundo cha mkono wa kushoto bila kuachia mshikio, cheni isimame pale pale. Isiposimama siku hiyo hakuna kazi.

Kizuizi cha resi, kile kidude cha juu ya mshikio wa nyuma. Bila kukibana resi isikubali. Kuna watu wanakifunga kwa waya ili wasichoke mkono, ukiikuta mashine ya hivyo usiishike.

Kishika cheni, kipande kidogo cha chuma au plastiki chini mbele ya sproketi. Kazi yake ni kudaka cheni ikikatika isije mkononi mwako. Kinavunjika na watu hawakirudishii.

Mvutano wa cheni upime ikiwa ya baridi: ivute juu katikati ya baa, itoke kidogo na ikiachiwa irudi yenyewe, na bado izunguke kwa mkono. Ikining'inia chini inaweza kuchomoka, ikibana sana inakula baa.

Meno. Cheni butu ni hatari kuliko kali, sababu unaanza kusukuma kwa nguvu, unainama, unachoka, na mashine inaruka. Angalia kinachotoka: vipande kama maganda maana yake iko vizuri, unga laini kama wa mahindi maana yake piga tupa. Tumia tupa ya duara ya saizi ya cheni yako, cheni nyingi za 3/8 zinataka milimita 5.2 au 5.5 na za .325 zinataka 4.8 (hizo 3/8 na .325 ni saizi za cheni kwa inchi), sukuma upande mmoja tu kwenda mbele, kila jino idadi ile ile ya mipigo, pembe kama digrii 30. Vaa glavu.

Mafuta: soma kitabu cha mashine yako. Kama inasema 50 kwa 1, lita 5 za petroli zinachukua mililita 100 za oili ya 2T, kama ni 25 kwa 1 ni mililita 200. Kipimo cha kifuniko cha soda ndio kinaua injini nyingi. Zima mashine, iache ipoe, jaza mahali pasipo na majani makavu wala sigara, futa kilichomwagika, na usogee angalau mita 3 kutoka ulipojazia ndipo uwashe. Kwenye tanki la cheni weka oili ya cheni. Oili chafu ya gari inarushwa hewani na unaivuta na kukulowesha ngozi siku nzima, ina vitu vya kuleta saratani, alafu inaziba pampu.

Kuwasha

Weka mashine chini kwenye udongo safi, breki imefungwa, baa haigusi kitu. Mkono wa kushoto ushike mshikio wa mbele ukiwa umenyooka, ncha ya buti ya kulia iingie kwenye mshikio wa nyuma kuikandamiza, vuta kamba kwa mkono wa kulia. Ile staili ya kuirusha chini kwa mkono mmoja huku unavuta kamba na mwingine iache kabisa, mashine inawaka ikiwa inabembea na hujui baa itaelekea wapi. Ikiwaka bila resi cheni isizunguke. Ikizunguka, skrubu ya kurekebisha imepanda, mpe fundi.

Kuruka kwa mashine

Hili ndilo somo lenyewe. Angalia ncha ya baa, gawanya kichwani sehemu mbili, nusu ya juu ya ile ncha ndio mahali pa hatari. Ikigusa gogo, tawi, jiwe au hata mti wa jirani usiouona, meno yanashindwa kukata, yanakwama, na nguvu yote inaigeuza baa juu na nyuma kuelekea usoni na shingoni kwako. Inatokea haraka kuliko kupepesa jicho.

Kwahiyo: mikono miwili muda wote, kidole gumba cha kushoto kizunguke chini ya mshikio wa mbele kabisa, sio kulala juu pamoja na vingine. Simama kidogo upande wa kushoto wa mstari wa baa ili ikiruka ipite bega lako la kulia. Miguu ipanuke, wa kushoto mbele kidogo. Usikate juu ya bega. Usikate ukiwa kwenye ngazi. Ingiza cheni kwenye mti ikiwa tayari kwenye resi kamili, na kila wakati ujue ncha iko wapi na imekaribia nini.

Jua na mivuto mingine miwili: ukikata kwa chini ya baa mashine inavutwa kwenda mbele, ukikata kwa juu ya baa inakusukuma nyuma. Zote zinazuilika kama umesimama vizuri.

Kazi ya kwanza iwe magogo yaliyolala

Wiki zako za mwanzo usiangushe mti hata mmoja. Kata magogo yaliyolala mahali tambarare mpaka mikono izoee. Kabla ya kila gogo jiulize limeegemea nini. Gogo lililoshikwa huku na huku katikati pako hewani, juu yake pamebanwa na chini pamevutwa: anza juu, theluthi moja tu, alafu malizia kutoka chini. Gogo lililoshikwa upande mmoja na mwingine unaning'inia ni kinyume, anza chini theluthi, malizia juu. Ukikosea baa inabanwa, na ikibanwa zima mashine kwanza, tumia kabari na shoka, usivute huku inanguruma.

Kutoa matawi: gogo liwe kati yako na cheni. Usisogeze miguu wakati baa iko upande wa miguu yako. Ukitembea zaidi ya hatua mbili, breki. Matawi yaliyopindwa chini ya gogo kama upinde usiyakate kwa pigo moja, yanachapa, yapunguze kidogo kidogo kutoka upande wa ndani wa pindo.

Mti wa kwanza

Uwe na mtu anayejua pembeni, mti wa sentimita 20 hivi, ulionyooka, siku isiyo na upepo, na kibali mkononi kutoka kwa wahusika maana hata mti wa shambani una taratibu zake. Nafasi ya kufundishwa ipo, Moshi kuna Chuo cha Viwanda vya Misitu, na Mafinga kuna kituo cha mafunzo ya misitu na viwanda vya mbao, ukiweza kufika fika.

Angalia juu kwanza: matawi makavu yaliyokwama, waya za umeme, mti unaegemea wapi. Watu wote wakae umbali wa mara mbili ya urefu wa mti, mti wa mita 25 maana yake mita 50. Safisha njia ya kukimbilia, iende nyuma kwa mshazari kushoto au kulia, kamwe sio nyuma moja kwa moja ya mti.

Kata mdomo (pengo kama kabari) upande unaotaka uangukie, kina chake robo au tano moja ya unene wa mti, uwazi digrii 45 au zaidi. Alafu kata nyuma, sentimita chache juu ya kona ya mdomo, na usikate mpaka mwisho. Acha bawaba, ule ukanda wa mti usiokatwa, kama moja ya kumi ya unene: mti wa sentimita 40 unaacha sentimita 4, sawa kushoto na kulia. Hiyo bawaba ndio inauongoza mti kuanguka, ukiikata yote mti unaenda unakotaka wenyewe. Gonga kabari ya plastiki mapema kabla mti haujakalia baa. Ukianza kusogea zima au funga breki, ondoka kwa njia yako ukiangalia juu.

Mlingoti (mkaratusi) ulioinama sana mbele usiuguse, unapasuka kutoka chini kwenda juu na kile kipande cha nyuma kinaruka kikiwa kwenye urefu wa kifua chako. Na mti ukining'inia kwenye mwingine usipite chini yake, usiukate ule unaoushikilia, usipande. Weka utepe, zuia watu, tafuta wenye winchi au trekta wauvute.

Ukiumia

Usikate peke yako, mwenzako awe umbali wa kusikia na simu yenye chaji, na asubuhi mshakubaliana gari au bodaboda ipi itakuja na ifike sehemu gani, maana msitu hauna anwani. Kiunoni vaa pochi yenye bandeji kubwa ya kukandamiza na mkanda wa kubana damu, kwenye begi haisaidii kama begi liko mita 200. Damu ikitoka kandamiza kwa nguvu moja kwa moja juu ya kidonda bila kuachia kuchungulia. Ikiruka na haikati kwenye mguu au mkono, funga mkanda sentimita 5 mpaka 7 juu ya kidonda, usiwe juu ya goti lenyewe wala kiwiko, kaza mpaka damu isimame, andika saa uliyofunga kwenye paji lake la uso kwa kalamu, usiufungue njiani, mlaze, mfunike asipate baridi, piga 112 na muanze kuelekea hospitali.